Siku Baba Alipokwenda Kukagua Chuo Kikuu

Kambini kwetu, pale Shituru, hakuna mtu aliyemwita baba yangu Germain. Alikuwa Baba Hélène. Wenzake wa zamu walimwita hivyo, mama wauza samaki walimwita hivyo, hata padri aliyemwandika Germain katika kitabu cha ubatizo alimwita hivyo. Hélène ni mimi, mzaliwa wake wa kwanza. Mwanamume mzima alitembea mjini Likasi kwa jina langu, na mimi niliona ni jambo la kawaida tu, kama bomba la maji kuwepo uani.

Leo nina wajukuu. Mtaani wananiita Mama Mwalimu na wananipisha kiti kanisani. Nakikalia. Lakini habari hii nitaieleza kama ilivyokuwa, na anayetaka kunionea huruma asijisumbue.

Baba alitoka upande wa Kamina akiwa kijana mwenye shati moja. Kampuni ya migodi ilimchukua kubeba mawe, kisha ikamweka kwenye kiwanda cha asidi, na huko ndiko alikokaa mpaka akawa kapita, yaani msimamizi wa zamu. Mashati yake yote yalikuwa na vitundu vidogo vya matone. Mama yangu, Philomène, aliyaziba kwa uzi wa rangi yoyote aliyoipata, hivyo baba alikwenda kazini na madoa mekundu na ya kijani kifuani. Hata akioga mara mbili alinukia salfa. Nilipokuwa mdogo niliipenda harufu hiyo, kwa sababu ilimaanisha amerudi. Nilipofika sekondari kwa masista nikaanza kukaa mbali naye kwenye benchi la kanisa.

Kwenye kiwanda cha asidi kulikuwa na desturi moja. Zamu ikiingia, kabla mtu hajagusa valvu wala ndoo, kapita huenda kwenye bafu ya hatari. Hiyo ni bomba lililosimama wazi, lina kichwa juu na mnyororo pembeni. Anauvuta mnyororo, anahesabu mpaka tatu, maji yanamwagika sakafuni, anauachia. Maji yakitoka, kazi inaanza. Yasipotoka, hakuna anayeingia, hata mhandisi apige kelele mpaka akauke koo. Jirani yetu Baba Philippe alibaki na macho yake mawili kwa sababu ya bomba hilo. Siku asidi ilipomrukia, baba alimburuta chini ya maji akamshikilia pale robo saa nzima, huku Philippe akimtukana ukoo wote. Baada ya miaka mingi ya kazi, kuvuta mnyororo kulikuwa kwa baba sawa na kuchovya vidole kwenye maji ya baraka mlangoni mwa kanisa. Mkono ulikwenda wenyewe.

Mwaka 1970 nilifaulu mtihani wa taifa kwa asilimia sitini na saba. Jina langu lilisomwa redioni, na baba akatoka nje kuangalia kama majirani nao wamefungua redio zao. Nilitaka kusoma kemia katika chuo kikuu cha serikali kule Lubumbashi. Si kwamba ukifaulu unaingia. Kitivo cha sayansi kiliombwa na wengi na kilichukua wachache, na wasichana walikuwa wanahesabika kwa vidole. Mwombaji alipeleka karatasi zake mwenyewe, akaonyeshwa mahali, kisha akafanya mtihani wa mchujo siku ileile. Mama aliona ni usumbufu. Shangazi yangu alijua watu Mulungwishi, kwa wamisheni, ambao wangenipa darasa la kufundisha mwezi uleule, ingawa sisi ni Wakatoliki. Na ofisi za Kampuni zilitafuta wapiga chapa.

Baba aliwasikiliza mama na shangazi mpaka wakachoka. Kisha akasema, "Hauingie mu nyumba ya bantu bila kuangaria kwanza. Tutaenda siye bote babiri. Nikishaangaria, njo nitasema."

Akaomba siku mbili za likizo. Akanunua daftari jipya. Kwa juma zima, kila akitoka kazini, aliketi na penseli akaandika maswali kwa herufi kubwa, kwa maana hizo ndizo alizozijua. Wasichana wanalala wapi na nani anafunga mlango. Maji yanatoka siku zote au siku nyingine. Mgonjwa anapelekwa wapi. Chakula kinapikwa na nani. Kati ya mia moja wanaoingia, wangapi wanatoka na diploma. Leo najua kwamba hayo yalikuwa maswali mazuri kuliko yangu. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu, kama nitaonekana mjanja au mshamba.

Tulishuka kwenye treni Lubumbashi asubuhi. Baba alivaa suti yake ya kahawia ya harusi, ambayo mikono yake ilikuwa mifupi kwake, na kofia mkononi kwa sababu hakutaka kuivaa mbele ya wasomi. Nilitembea hatua tano nyuma yake, kisha kumi. Aliponigeukia nilijifanya nafunga kiatu.

Alikikagua chuo kikuu kama anavyokagua zamu mpya. Kwenye nyumba ya wasichana alifungua bomba, akakinga maji kiganjani, akayanusa. Akamwomba mpishi amwonyeshe sufuria, na mpishi akacheka, akamwonyesha. Akagongagonga reli za ngazi. Watu hawakumkasirikia. Karani wa kuandikisha, mzee mwenye miwani, alipoulizwa lile swali la mia moja, aliweka kalamu chini.

"Baba, miaka yote niko hapa, weye njo wa kwanza kuuliza ile," akasema. Akafungua majalada akatafuta, akampa jibu kwa kila mwaka. Baba akayaandika yote, polepole, huku foleni ikingoja nyuma yetu.

Katika foleni hiyo alikuwapo mwombaji mmoja anayeitwa Firmin, wa hapohapo Lubumbashi, mwana wa mkubwa fulani wa ofisi za mkoa. Alikuwa na kalamu ya wino mfukoni na Kifaransa cha redioni. Alikuwa amenisalimu getini, mademoiselle huku, mademoiselle kule, na mimi nilikuwa nimempenda kidogo kwa muda wa saa moja. Alimtazama baba akiandika, akatabasamu. Mashavu yakaniwaka moto.

Nikamvuta baba pembeni. "Baba, ngoja hapa inje. Kule mu labo ni ya baombaji tu."

"Sasa nitarudia Likasi bila kuona pahali utatumika kazi?" akaniuliza. Hakuwa anabishana. Alishangaa tu kwamba sikuelewa. "Ile njo ya maana kupita yote."

Maabara ilikuwa safi na pana, meza ndefu, chupa zimepangwa kwa lebo. Tulikuwa waombaji kama thelathini. Aliyetupokea alikuwa msaidizi wa profesa, monsieur Adrien, kijana mwenye koti jeupe na viatu vya ngozi vilivyong'aa. Alikusanya karatasi zetu, vyeti, ripoti za shule, hati za ubatizo, akaziweka rundo juu ya meza iliyo karibu na mlango. Kisha akaanza kueleza jinsi kitivo kilivyo kigumu na jinsi wengi wetu tutakavyorudi makwetu.

Baba aliingia wa mwisho, taratibu, kofia kifuani. Akasimama kando ya mlango. Akatazama juu. Nikaona macho yake yakipata mnyororo.

Nilijua. Mkono wake ulikuwa haujanyanyuka bado, nami nilikwisha kujua. Ningesema neno moja tu, "Baba," angeuacha. Lakini kusema "Baba" mbele ya Firmin na monsieur Adrien kungekuwa kusema kwamba huyu ni wangu. Nikafunga mdomo.

Akavuta.

Kule Shituru kichwa cha bomba kiko juu ya mnyororo, unajua maji yataangukia wapi. Hapa bomba lilipita juu ya mlango likatokea upande wa pili, na kichwa chake kilining'inia juu ya ile meza ya karatasi. Kule ukiachia, maji yanakatika. Hapa yalibaki wazi mpaka mtu asukume mkono wa chuma kurudi juu, na hilo baba hakulijua. Maji yalishuka kwa kishindo. Katika sekunde ya kwanza baba alitikisa kichwa kwa kuridhika, kwa maana yalikuwa na nguvu kweli. Katika sekunde ya pili akaona meza.

Monsieur Adrien aliruka kuziokoa karatasi akalowa yeye kwanza, koti, miwani, viatu. Wengine walipiga mayowe, wengine walicheka. Wino wa vyeti ulianza kutiririka. Baba aliuachia mnyororo, akaushika tena, akauachia, maji hayakusikia. Mwishowe mtu mmoja akapanda kiti akasukuma ule mkono wa chuma.

Adrien alisimama akidondoka maji. Alikasirika mpaka Kifaransa kikampotea, akasema kwa Kiswahili, kama watu wote wa Katanga wakikasirika.

"Huyu mupapa ni wa nani? Nani alikuya naye? Mwenye alikuya naye abebe karatasi yake sasa hivi na arudie kwabo!"

Firmin akanigeukia, wala hakuwa na ubaya, nadhani alishangaa tu. "Mademoiselle Hélène, si weye ulikuwa naye asubui?"

Watu thelathini walinitazama. Na baba pia.

"Hapana," nikasema. "Simuyue. Tulikutana tu mu train."

Nimejaribu miaka mingi kulikumbuka neno hilo likiwa dogo zaidi. Halipungui. Nililisema wazi, kwa sauti ya mtu anayejibu swali darasani, na sikutetemeka.

Baba alinitazama kwa muda mfupi sana. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama kipimo cha tangi ili ajue afanye nini. Kisha akamgeukia Adrien, akainama.

"Pardon, patron. Huyu mutoto anasema kweli, hatuyuane. Minye natafuta kazi ya kupangusa. Nilikosa mulango."

"Jina yako?"

"Germain."

Sikuwahi kumsikia akijitaja hivyo. Lilimtoka kwa shida, kama jina la mtu mwingine aliyekwenda kumtafuta.

"Basi, Germain, kazi umeipata," akasema Adrien, na watu wakacheka kwa kufarijika. "Ndoo na kitambaa biko kule. Anza."

Baba alivua koti la suti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kofia. Akapiga magoti. Kapita wa zamu, mtu aliyeogopwa na vijana ishirini kule kiwandani, akaanza kukamua maji ya sakafu kwenye ndoo. Sisi tukapelekwa chumba cha pili kufanya mtihani, na ili kufika kule ilibidi tumruke. Wengine walisema pardon. Mimi niliinua sketi kidogo nikapita.

Mlango ulibaki wazi. Kila nilipoinua macho nilimwona. Alipomaliza sakafu alichukua karatasi zilizolowa, moja moja, akazitandaza juu ya meza penye jua la dirisha, akizilainisha kwa kiganja. Alipofika kwenye yangu aliitandaza kama nyingine zote, hakuikawiza wala hakuiharakisha, akachukua inayofuata. Nilijibu maswali yote. Kichwa changu kilifanya kazi vizuri ajabu siku hiyo, na hilo nalo linanitia haya.

Nilimkuta stesheni. Alikuwa amevaa koti juu ya shati lililolowa na amekalia mfuko wangu ili usiibwe. Tukapanda treni. Nilikaa nikimngoja anipige, au anitukane, au alie. Ningepokea chochote. Alitoa daftari lake, akatafuta ukurasa, akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akaandika. Kisha akanisomea kila kitu alichokiona, nyumba, chakula, ngazi, hesabu za karani.

"Na mu labo," akamalizia, "maji iko na nguvu. Kupita ya kwetu. Unaweza kwenda."

Hivyo ndivyo alivyotoa hukumu yake juu ya chuo kikuu. Akafunga daftari, akalala mpaka Likasi.

Nyumbani mama aliuliza mara tatu ilikuwaje. Baba akamwambia kwamba wazazi hawaruhusiwi ndani, wanabaki getini, yeye ameona kwa mbali tu. Alidanganya vibaya, kwa kuwa hakuwa na mazoezi, lakini mama alimwamini kwa sababu hiyohiyo. Mimi nilikuwa nasonga bukari, ugali wa kwetu. Niliendelea kusonga.

Nilichukuliwa. Barua ilifika kabla ya mwisho wa Septemba, na baba akanunulia zamu nzima bia.

Mtu atasema, ulikuwa na miaka kumi na tisa, uliogopa. Ndiyo. Neno la siku moja naweza kulieleza. Miaka mitano iliyofuata siwezi. Kila Oktoba, wanafunzi wapya walipoletwa maabara, monsieur Adrien aliwaonyesha bafu ya hatari akawasimulia kisa cha mzee aliyekuja kutafuta kazi akaogesha kitivo. Alikisimulia vizuri, akiiga lile jina, "Germain," kwa sauti ya chini na kichwa kimeinama. Wote walicheka. Mwaka wa kwanza nilicheka pamoja nao ili wasinitazame. Mwaka wa pili nilicheka kwa mazoea. Mwaka wa tatu Adrien alisahau sehemu fulani, akaniuliza mimi kwa kuwa nilikuwapo, nami nikamkumbusha kwamba mikono ya suti yake ilikuwa mifupi. Wakacheka zaidi. Tangu hapo ilikuwa sehemu yangu, kila mwaka nikaisema.

Na katika miaka hiyohiyo baba alikuja Lubumbashi kila miezi miwili, mitatu. Aliniletea unga, na samaki wakavu wa mto Lufira waliotoka kwa ndugu za mama. Hakuwahi kuvuka geti. Nilikuwa naitwa na mlinzi, ambaye kila mara alisema maneno yaleyale: "Kuna muntu wa Likasi anakungoya." Mara ya kwanza nilimwuliza kwa nini hakutaja jina. Mlinzi akasema alimwuliza, lakini yule mzee alikataa, akasema yeye ametumwa tu na familia ya yule binti. Nikapokea mfuko. Tuliongea dakika kumi, habari za mama, habari za wadogo zangu, akiangalia nyuma yangu kama kuna mtu anapita. Mtu akipita, alikuwa akinyamaza na kusimama pembeni kidogo, kama mtu aliyetumwa. Sikumwambia aache. Niliona anafanya vizuri.

Mwaka 1975 nikamaliza. Wakati huo serikali ilikuwa imetufutia majina ya ubatizo, kwenye karatasi nilikuwa Kabedi, lakini kambini nilibaki Hélène na baba akabaki Baba Hélène, maana hakuna aliyejua kumwita vingine. Mama alishona vitambaa viwili vya sare, kimoja chake na kimoja cha shati la baba. Siku mbili kabla ya sherehe baba akasema haendi, ana zamu. Mama alimgombeza mpaka majirani wakatoka. Nikamfuata uani, nikamwambia aje. Nilisema kweli, nilitaka aje. Nilifikiri miaka mitano ni mingi, watu wamesahau, tutakaa nyuma.

Baba alikuwa anafunga baiskeli yake mnyororo. Hakuinua kichwa.

"Kule banajua niko nani," akasema. "Niko muntu wa kutafuta kazi. Leo nikikuya sawa baba yako, batakuita mubongo, muntu wa kudanganya. Watu ya masomo habasahau. Enda na mama yako."

Nilienda na mama.

Baada ya sherehe kulikuwa na vinywaji uani mwa kitivo. Wazazi walisimama na vitambaa vyao vipya, wakiogopa kushika glasi. Adrien alikuwa sasa mtu mkubwa kidogo, tumbo limeanza, amevaa abakosti, lile koti lisilo na tai lililoagizwa na serikali. Alikuja kumsalimu mama kwa heshima zote, akimwita citoyenne, mwananchi, kama ilivyoamriwa siku hizo, akamsifu mtoto wake. Mama alifurahi, akamjibu kwa Kiswahili cha kwetu, na Adrien, ili amfurahishe zaidi, akaanza kumsimulia mambo ya kuchekesha ya hapo kitivoni. Niliona anakoelekea. Wazazi wengine walisogea kusikiliza.

Alikisimulia chote. Mnyororo, maji, viatu vyake, magoti sakafuni. Akaiga lile jina. Akanigeukia, akanipa nafasi yangu kuhusu ile mikono ya suti. Nilipokaa kimya akaisema yeye mwenyewe.

Mama alicheka. Alicheka kuliko wote, mkono juu ya bega langu, machozi yakimtoka, kama anavyocheka nyumbani na akina mama wenzake.

"Yee, masikini," akasema akijifuta. "Na muntu gani huyo? Hana familia?"

"Ni baba," nikasema.

Alidhani sijamsikia. "Nauliza ule wa kupangusa."

"Mama, ni baba. Ni Baba Hélène. Alinisindikiza, na batu banauliza ni wa nani, mi nikasema simuyue. Njo akapangusa."

Mama aliondoa mkono begani kwangu. Adrien alivua miwani. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaka kuambiwa si kweli, "Iko wapi sasa?" Nikamwambia yuko Shituru, kazini, kwamba alikataa kuja ili nisionekane mwongo. Mzazi mmoja, mama mnene aliyevaa kitambaa cha picha ya Rais, alisema tu "Yesu," akaenda zake na glasi yake. Ilikuwa imechukua miaka mitano kulisema, na nililisema mbele ya watu ambao hawakulihitaji.

Katika treni mama hakunitazama. Tulipopita mito midogo karibu na Likasi alisema jambo moja tu. "Na mi nikacheka." Akarudia tena mara ya pili, si kwangu.

Tulimkuta baba ndiyo kwanza ametoka zamu. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, anavua buti. Mama alisimama mbele yake, akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akamshika shavu kwa mkono wake, mbele ya majirani, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada, akaingia ndani. Baba akashtuka. Akaniuliza kuna nini, nani amekufa.

Nikachuchumaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya msamaha tangu Lubumbashi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Nikaanza na lililo la kwanza.

"Baba, nilibaambia. Kule ku unive. Nilibaambia bote, ule muntu ni weye. Weye njo baba yangu."

Baba akabaki na buti mkononi. Uso wake ulibadilika, na kwa muda nilifikiri ni furaha. Ilikuwa hofu.

"Ulimwambia na yule wa labo?"

"Yeye wa kwanza."

"Na diplome? Habakunyanganyi?"

"Hapana, baba. Hawawezi."

"Uko nayo hapa?"

Nikamwonyesha bahasha. Hakuigusa, mikono yake ilikuwa ya kazi. Alitazama barabarani, upande wa stesheni, kama kuna mtu anayeweza kuja kuidai. Kisha akateremsha sauti ili majirani wasisikie.

"Ungengoya kwanza bakupe kazi," akaniambia. "Mi ningevumilia."

Akaanza kulegeza kamba za buti la pili.